Sakafu Iliyoyumba: Bibi Mmoja wa Lamu na Vidonge vya Usingizi vya Miaka Tisa

Msichana wa kidato cha nne ndiye aliyekuja kuniita. Alasiri ilikuwa imekwisha kusaliwa, kaskazi imeshika, na vichochoro vya Mkomani, mtaa wa Lamu, vimejaa watoto wanaotoka chuo cha Kurani. Njiani aliniambia bibi yake "amegeuka", na kwamba mwalimu wa Kurani ameshakuja kumsomea. Nilipovua viatu pale dakani mlangoni, kisomo kilikuwa kimemalizika, kombe la zafarani, maji yaliyooshewa aya, limebaki nusu kikombeni, na bibi amelala ubavu, mkono wa kushoto umefungwa plasta, jasho linamtiririka kama aliyetoka kutwanga.

Nitamwita Bi Mkubwa. Ana miaka 67, ni mjane, na mambo kadhaa ya nyumba yake nimeyageuza ili asijulikane. Lamu ni mji mdogo. Anayepiga chafya Langoni huombewa dua Mkomani.

Neno la kwanza aliloniambia baada ya salamu lilikuwa hili: "Mwanangu, sakafu yayumba. Ni kama niko mashuani, na mimi sikupanda chombo."

Nimekuwa tabibu miaka mingi na sentensi hiyo ingetosha kuniambia nini kinaendelea. Haikutosha siku hiyo. Niliisikia kama maneno ya mtu mwenye homa.

Kilichotangulia kilikuwa hiki. Siku sita nyuma, saa nane ya usiku, Bi Mkubwa alishuka ngazi kwenda msalani akaanguka. Anayejua nyumba zetu za mawe anajua ngazi zake: kila kidato kina urefu wake, na usiku mguu hukumbuka kuliko jicho kuona. Kifundo cha mkono kilivunjika, kipaji cha uso kikagonga ukuta. Alilazwa siku nne hospitalini wakimwangalia kichwa. Picha haikuonyesha damu ndani. Alifungwa plasta, akapewa tramadoli ya maumivu, akarudi nyumbani. Siku ya tatu wodini usingizi ulikuwa umeshamkimbia. Siku ya nne vidole vikaanza kutetemeka. Siku ya tano, akiwa nyumbani, kwato za punda kichochoroni zilimpiga kichwani kama nyundo, mwanga wa dirishani ukamchoma macho, na usiku akawaona watu wadogo wamekaa ndani ya zidaka, vile vishubaka vya ukutani, kila mmoja katika kidaka chake, wakimtazama bila kusema.

Hapo ndipo mwalimu alipoitwa. Silaumu. Mtu akiona watu kwenye zidaka, nyumba nyingi za hapa zitamwita mwalimu kabla ya tabibu, na kisomo hakijamdhuru mgonjwa wangu yeyote.

Mimi nilianza na yale ya kawaida. Kipimo cha malaria, hakuna. Mkojo, safi. Sukari, sawa. Presha ilikuwa juu na moyo unakwenda mbio, mapigo 112 kwa dakika. Nikafikiria damu inayovuja polepole chini ya fuvu baada ya kugonga kichwa, jambo ambalo kwa wazee linaweza kujitokeza siku au wiki baadaye. Nikafikiria tramadoli, ambayo inaweza kumchanganya mzee. Kisha nikamuuliza mjukuu swali ambalo lingeulizwa siku ya kwanza: kabla ya kuanguka, bibi alikuwa anakunywa dawa gani?

"Ya presha na ya tumbo."

"Na ya usingizi?"

Akamtazama bibi yake, kisha akanijibu kwa sauti ya chini: "Hizo si dawa. Ni za kulalia tu."

Alikwenda kwenye kabati akarudi na kibweta cha halwa. Ndani mlikuwa na pakiti za diazepamu ya miligramu 5, nyingi zimekwisha kutobolewa, na karatasi ya daktari iliyokunjwa mpaka herufi zimefutika kwenye mikunjo. Vidonge viwili kila usiku. Miaka tisa.

Jibu la yule msichana ndilo lililonipa kisa kizima. Hospitalini waliulizwa dawa anazotumia, wakataja za presha na za tumbo, kwa sababu hizo ndizo dawa. Kile kidonge cha usiku kilikuwa kimekaa nyumbani muda mrefu hata kimekuwa kama mto wa kulalia. Hakuna aliyeficha na hakuna aliyepuuza, lakini mwanamke aliyemeza miligramu 10 za diazepamu kila usiku kwa miaka tisa alikatiwa zote kwa siku moja, na aliyekata hakujua kuwa anakata.

Vilianzaje? Mumewe alikuwa nahodha, akafariki ghafla. Katika eda Bi Mkubwa hakulala. Akaandikiwa kidonge kimoja kila usiku kwa wiki mbili. Wiki mbili zikaisha na usingizi haukurudi wenyewe. Karatasi ikapelekwa tena dukani, na tena. Mwaka wa tatu kimoja kikawa hakifanyi kazi, vikawa viwili. Baadaye hata karatasi haikuhitajika, muuzaji alikuwa anamjua. Diazepamu ni dawa ya kuandikiwa na daktari kwa sheria ya Kenya, na imo katika orodha ya dawa zinazodhibitiwa kimataifa, lakini mbele ya mama mtu mzima mwenye buibui anayekuja kila mwezi kwa salamu na dua, nani ataanza kumuuliza karatasi?

Nilimweleza mjukuu kinachotokea mwilini kwa mfano wa mashua ya mashindano, kwa kuwa babu yake alikuwa mtu wa bahari. Upepo ukiwa mkali, wanaume hutoka nje kwenye ubao upande wa joshini, unakotoka upepo, wanainamisha mwili wao wote juu ya maji ili chombo kisilale. Diazepamu ndiyo upepo: inazidisha nguvu ya GABA, kemikali ambayo ubongo hutumia kujituliza. Ubongo ukisukumwa upande mmoja kila usiku nao hutoa watu wake ubaoni upande wa pili. Vipokezi vya GABA hulegea, mifumo ya kuamsha hukazwa, mpaka chombo kinakwenda sawa tena na mtu anasema "dawa haifanyi kazi tena". Sasa upepo ufe ghafla, wanaume kumi bado wako nje ubaoni. Hao hao waliokuwa wakikiokoa chombo ndio watakaokizamisha. Ndiyo jasho, ndiyo mitetemeko, ndiyo kwato zinazogonga kama nyundo. Kwa wengine ni kifafa, na kifafa hicho kinaweza kuua.

Kwa nini siku ya tatu na si usiku wa kwanza? Diazepamu haiondoki haraka. Nusu yake huchukua kati ya saa 20 na 50 hivi kutoka mwilini, na ini linaigeuza kuwa kitu kingine chenye nguvu ile ile ambacho nusu yake inaweza kuchukua saa 100 na zaidi. Kwa mzee huwa mwendo wa kobe. Kwa hiyo alipolazwa alikuwa bado amebeba akiba ndani yake, akaonekana mzima, na alipofika nyumbani akiba ikawa imepungua. Aliyekuwa akitumia lorazepamu, dawa ya jamii hiyo hiyo, ambayo nusu yake hutoka kwa saa 10 hadi 20, angeanza kuhangaika mapema zaidi, pengine usiku wa pili.

Nilisimamisha tramadoli, kwa sababu mbili: ikichanganywa na diazepamu inaweza kumlegeza mtu pumzi, na yenyewe huvuta kifafa karibu. Nikamrudishia diazepamu miligramu 10 usiku ule, mjukuu akiwa amekaa kitandani kwake akimhesabia pumzi. Baada ya siku mbili sakafu ikatulia. Watu wa kwenye zidaka wakaondoka. Mwalimu alipewa shukrani zake, nami nikapewa zangu, na sikuona haja ya kugombania.

Kosa langu

Ningependa kusema kwamba baada ya hapo nilifanya sawasawa. Sikufanya. Mwezi Machi plasta ilipofunguliwa nilimwambia vidonge ndivyo vilivyomwangusha, jambo ambalo ni kweli: kwa wazee dawa hizi huongeza kuanguka, mifupa kuvunjika na kuchanganyikiwa. Nikampangia: kimoja kwa wiki mbili, kisha basi. Ndivyo nilivyowahi kuona wengi wakifanya, na karatasini inaonekana polepole. Kutoka 10 hadi 5, kutoka 5 hadi 0.

Nusu ya kwanza aliivumilia kwa taabu. Siku ya tano baada ya kuacha kabisa sakafu ikayumba tena. Hakunipigia simu. Alimtuma mtoto wa jirani dukani, na mimi nikajua wiki tatu baadaye nilipokutana na mjukuu gatini akisubiri boti ya Mokowe. Bibi alikuwa amerudi kwenye viwili, na baadhi ya siku vitatu.

Nilipokwenda kwake alinikaribisha kahawa tungu na kashata kama mgeni, dalili mbaya. Mgonjwa anayekukasirikia hukupa kahawa kwa adabu zaidi. Tulinyamaza muda. Kisha akauliza alichokuwa amekihifadhi:

"Nambia kweli, mwanangu. Mimi ni teja?"

Kwa asiyeishi pwani: teja ni yule kijana aliyemalizwa na unga wa heroini, anayelala penye magofu na kuiba sufuria za watu. Kila mtaa wa Lamu na Malindi una wake, na Bi Mkubwa alikuwa na wa kwake, mtoto wa dadake, aliyezikwa akiwa na miaka 31. Neno hilo halikutoka mdomoni mwake kama swali la kitabibu. Aliposhindwa kuacha vidonge alijiona amekaa baraza moja na yule mpwa wake.

Nikamjibu kwamba hapana, na nikamweleza tofauti, kwa sababu ipo. Teja anaifukuza dawa kwa sababu ya kile inachompa, anazidi kuitafuta huku maisha yakiporomoka. Yeye mwili wake umezoea kitu alichopewa na tabibu, akakinywa ili alale tu, na kwa miaka tisa hakukinywa mchana hata mara moja. Mwili kuzoea si tabia mbaya wala si udhaifu wa imani. Mwili wowote utazoea, wa imamu au wa mlevi. Nikamwambia pia ukweli ambao haukunipendeza: aliyeshindwa mwezi Machi ni mimi na hesabu yangu, si yeye.

Nadhani siku hiyo ndiyo tulianza kweli kuacha vidonge, ingawa dozi haikupungua hata chembe.

Mwanawe wa kwanza alipiga simu kutoka Mombasa usiku huo huo. Sauti ya juu. "Kama ni sumu, mbona mlimpa?" Swali zuri, na halina jibu la kumfurahisha mtu. Valium, yaani hii hii diazepamu kwa jina la biashara, iliingia sokoni mwaka 1963 ikasifiwa kuwa salama kuliko dawa za usingizi zilizokuwepo, na kwa kiasi fulani ilikuwa kweli. Kufikia mwaka 1988 wasimamizi wa usalama wa dawa Uingereza walikuwa wameshawaonya madaktari wasizidishe wiki 2 hadi 4. Mama yake alianza miongo kadhaa baadaye, kwa karatasi ya wiki mbili iliyo sahihi kabisa. Kosa halikuwa la kumwanzishia. Hakuna aliyekuwa na kazi ya kumsimamisha. Mwana alinyamaza kidogo, kisha akauliza nahitaji nini kutoka Mombasa. Nikamwambia: diazepamu ya miligramu 2, nyingi.

Hesabu ya wembe

Kisiwani, siku hizo, nilichokuwa nikipata kwa urahisi ni cha miligramu 5. Ukiwa na 5 pekee unaweza kukata nusu, ukawa na 2.5, na robo kwa shida. Hatua hizo ni kubwa mno. Ukiwa na 5 pamoja na 2, mlango unafunguka: 5 na 2 na 2 ni 9, 2 nne ni 8, 5 na 2 ni 7, 2 tatu ni 6. Cha 2 ukikikata kati ni 1, ukikikata tena ni nusu miligramu. Mjukuu alikuwa mzuri wa hesabu na mwenye mkono mtulivu. Alikuwa akikata kwa wembe mpya juu ya kibao cha mbuzi wa kukunia nazi, kila Ijumaa baada ya sala, vya wiki nzima, akivifunga vipande vya kila usiku katika karatasi iliyoandikwa siku. Bibi hakuwa na ufunguo wa kibweta tena. Hilo alilitaka mwenyewe.

Tulianza Mei, kusi ikivuma. Miligramu moja kila wiki tatu. Miongozo ya siku hizi, ikiwemo ile ya Marekani ya mwaka 2025, inazungumzia kupunguza asilimia 5 hadi 10 ya dozi ya sasa kila wiki 2 hadi 4. Maneno muhimu hapo ni "dozi ya sasa". Hapa ndipo nilipokosea Machi na ndipo wengi wanapokosea. Kutoka 10 hadi 9 umeondoa sehemu moja ya kumi. Kutoka 5 hadi 4, moja ya tano. Kutoka 2 hadi 1 umeondoa nusu ya upepo wote uliobaki, ingawa kwa wembe ni kipande kile kile. Kutoka 5 hadi 0 katika usiku mmoja, kama nilivyompangia mimi, ni kutoa kila kitu. Watu hufika chini wakadhani wamemaliza, "kabakia nusu kidonge tu, nitashindwaje?", na hapo ndipo hushindwa. Kwa hiyo kuanzia 5 kushuka tulikubaliana nusu miligramu kwa wiki tatu, hata kama itachukua mwaka. Bi Mkubwa alisema mwaka si kitu kwa mtu aliyengojea chombo cha mumewe kitoke Somalia.

Jambo la pili tulilokubaliana: hakuna kurudi nyuma bila kuniambia, lakini kusimama ni ruhusa wakati wowote, na hakumuhesabii mtu kushindwa. Alisimama mara nne. Kulikuwa na msiba Matondoni. Kulikuwa na Ramadhani, ambapo futari, tarawehe na daku huupindua usiku mzima. Kupunguza dawa wakati huo ni kutafuta ugomvi. Kulikuwa na wiki tatu ambazo vidonge vya 2 havikufika. Alikuwa kwenye 7, tukampa 5 na nusu ya 5, yaani 7.5. Tulipanda nusu miligramu na dunia haikuanguka.

Mara ya nne ndiyo iliyonifunza. Alikuwa kwenye 6, wiki ya pili, hali shwari, mara akaanza kutokwa jasho, moyo ukaenda mbio, masikio yakavuma kama kombe la pwani. Hakuna kilichopunguzwa. Nikashuku vidonge vibovu. Nikashuku mjukuu amekosea kukata. Nikamshuku hata Bi Mkubwa, Mungu anisamehe. Mjukuu akafungua daftari. Tulikuwa tumekubaliana aandike saa na vitu, asiandike "vizuri" wala "vibaya", kwa sababu maneno hayo hayana faida kwa mtu yeyote. Kwenye ukurasa wa siku kumi nyuma aliandika: *dawa ya tumbo imekwisha, bibi asema haumwi tena.*

Dawa ya tumbo ilikuwa omeprazoli. Omeprazoli huzuia mojawapo ya vimeng'enya vya ini vinavyoivunja diazepamu, kwa hiyo mtu anayetumia zote mbili hubaki na diazepamu nyingi damuni kuliko dozi inavyoonyesha. Ilipoisha, ini likafunguka mikono, likaanza kuivunja haraka zaidi. Kwenye kibweta ilikuwa bado 6. Ndani ya damu ilikuwa imeshuka bila kuagana na mtu. Nilimsimamisha kwenye 6 wiki tatu za ziada, sikurudisha omeprazoli kwa kuwa tumbo lilikuwa halimsumbui, na hali ikatulia yenyewe. Tangu hapo, mtu akiniambia amezidiwa bila sababu katikati ya kupunguza, huuliza kwanza ni dawa gani nyingine ameanza au ameacha, hata ya mafua. Jirani alikuwa ameshamletea klofeniramini, dawa ya mafua, "imsaidie kulala". Kwa mzee hiyo hukausha mdomo, huziba mkojo na inaweza kumchanganya akili. Nilimwomba arudishe kwa shukrani.

Anayesoma hapa asikimbilie wembe. Kisa hiki ni cha mtu mmoja anayetumia dozi ya kawaida, asiye na kifafa, asiyekunywa pombe, mwenye mjukuu kando yake na tabibu wa kumwita. Aliyewahi kuanguka kifafa, mwenye mimba, anayemeza vidonge vingi mchana, au anayechanganya na pombe, unga au methadoni, kwake hii ni kazi ya hospitali tangu siku ya kwanza. Na fenobabitoni anayopewa mtu kwa ugonjwa wa kifafa si kidonge cha usingizi hata kama inamlaza. Isiguswe nyumbani kabisa. Wanaotumia lorazepamu au alprazolamu, ambazo hutoka haraka mwilini, mara nyingi huhamishiwa kwanza kwenye diazepamu kwa hesabu: lorazepamu miligramu 1, au alprazolamu nusu miligramu, hukadiriwa sawa na diazepamu 10 hivi. Hapo ndipo watu hushtuka. Kidonge kidogo cha nusu miligramu si kidogo.

Saa za Bi Mkubwa

Vidonge ni nusu ya kisa. Nusu nyingine ilikuwa kwenye saa, na niliigundua kwa bahati.

Mwezi wa kwanza daftari lilisema: *bibi hakulala*. Usiku baada ya usiku. Nikamwomba mjukuu aandike saa. Ikatoka hivi: baada ya isha, saa mbili na robo, bibi kitandani. Saa mbili na nusu analala. Saa nane na nusu macho wazi. Halali tena mpaka adhana ya alfajiri, saa kumi na moja. Kwa Bi Mkubwa huo ulikuwa usiku wa mateso, kwa sababu alichohesabu ni zile saa mbili na nusu za giza akiwa peke yake. Mimi nikahesabu zile za kwanza. Saa sita kamili. Kwa mtu wa miaka 67, saa sita ni usingizi wa kuridhisha. Alikuwa ameuanza mapema mno. Juu yake alikuwa akilala mchana, kutoka adhuhuri hadi karibu na alasiri, akisema analipa deni la usiku.

Nilipomwonyesha hesabu alicheka kwa mara ya kwanza tangu aanguke. "Kwa hiyo miaka yote nilikuwa nalala?"

Si yote. Lakini baadhi ya kile alichokuwa akikimezea kidonge cha pili kilikuwa mpangilio wa saa tu. Tukausogeza usiku wake: kitandani saa nne, si kabla, hata kichwa kikidondoka. Kulala mchana nusu saa, kabla ya alasiri. Kahawa tungu iishe mchana. Na akiamka usiku asibaki kitandani akiipigania. Atoke, akae barazani ndani, asuke ukili mpaka macho yamzidi, ndipo arudi. Ukili ulikuwa wazo lake. Mimi nilisema tasbihi, akaniambia tasbihi anaifanya kwa ajili ya Mungu na si kwa ajili ya usingizi, asichanganye. Katika miezi ile alisuka mikeka mitatu mizima, mmoja ninaukalia ninapoandika haya.

Kaskazi iliporudi na nyumba ikawa tanuri, alihamia juu chini ya makuti, penye upepo. Usingizi ukaongezeka dakika 40 kwa wastani wa daftari, na hakuna dawa niliyowahi kumwandikia mtu iliyofanya hivyo kwa bei hiyo.

Kuna jambo moja lililofanywa Quebec, Canada, likachapishwa mwaka 2014, ambalo hunipa moyo katika kazi hii. Wazee 303 waliokuwa wakitumia dawa za jamii hii waligawanywa, wengine wakapewa kijitabu kinachowaeleza madhara na jinsi ya kupunguza polepole, wengine wakaachwa kama walivyo. Baada ya miezi sita asilimia 27 ya waliosomeshwa walikuwa wameacha kabisa. Wa upande wa pili, asilimia 5. Kijitabu tu, bila sindano wala kliniki. Mtu mzima akielezwa anafanya. Mwezi Machi mimi nilimpa Bi Mkubwa amri, na Mei nikampa maelezo, na mtu alikuwa yule yule.

Sitasema mengi kuhusu miezi ya mwisho kwa sababu daftari lenyewe linachosha: 3.5, 3, 2.5, simama, 2.5, 2. Kulikuwa na usiku wa kulia bila sababu. Kulikuwa na ndoto, nyingi na za rangi kali, mumewe akiwa usukani. Hizo zilimtisha mwanzo kisha akaanza kuzingojea. Mwisho wa Juni wa mwaka uliofuata mjukuu alikata robo ya mwisho ya kidonge cha 2. Wiki tatu zilipoisha hakukata tena. Miezi 14 hivi kwa jumla. Vidonge kumi na kimoja vilivyobaki alivileta kwangu ndani ya kile kibweta cha halwa, nikavipeleka hospitalini viharibiwe, maana kwenye nyumba yenye vijana vingetafutiwa matumizi.

Mwezi uliofuata nilimkuta Bi Mkubwa dakani, kifundo cha mkono kimepona ila hakikunji sawasawa, presha 138 kwa 84. Analala kwa muda wa saa tano, siku nzuri saa tano na nusu. Nilimuuliza kama kuna kinachomsumbua.

"Punda wa jirani," akasema. "Hulia kila usiku saa tisa. Miaka tisa sikumsikia." Akaushusha ukili mapajani. "Huyo ndiye wa kupawa zidonge."